Kiwango cha Sauti na Upotevu wa Msisitizo katika Albamu ya Death Magnetic (2008)

Albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica la Marekani ilitolewa Septemba 2008, ikiwa imetayarishwa na Rick Rubin. Wahakiki wengi walizisifu nyimbo zake kwa kurejea ukali wa kazi za kundi hilo za miaka ya 1980. Rekodi yenyewe, hata hivyo, ililalamikiwa, na mashabiki zaidi ya 10,000 walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Uhakiki huu unashikilia kuwa kasoro ya albamu hii si ukubwa wa sauti, bali ni kutoweka kwa tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa.

Katika mfumo wa dijiti, sauti ina dari isiyopitika, nayo ni desibeli 0. Wimbi linalosukumwa kuvuka dari hiyo haliongezeki. Kilele chake hukatwa kikawa bapa, na sikio hulisikia bapa hilo kama mkwaruzo. Diski ya biti 16 ina nafasi ya takriban desibeli 96 chini ya dari hiyo. Kwa hiyo, nafasi ilikuwapo ila haikutumiwa: vilele vilibanwa, kisha kila kilichokuwa chini yake kikainuliwa.

Athari yake inadhihirika katika wimbo wa “The Day That Never Comes”, wenye takriban dakika nane. Wimbo huu umejengwa kwa mpando: unaanza kwa gitaa tulivu na kuishia kwa kasi na ghadhabu. Muundo huo humwandaa msikilizaji kupokea mlipuko. Lakini mlipuko unapofika hauna pa kupanda, kwa kuwa utulivu uliotangulia umekwisha kusogezwa karibu na dari. Ngoma, ambazo ndizo zingebeba pigo, zinamezwa na magitaa.

Inaweza kutetewa kuwa mkwaruzo ni sehemu ya ujumi wa muziki wa metali. Utetezi huo una uzito kuhusu mkwaruzo wa gitaa, ambao msanii huuchagua, lakini hauhalalishi mkwaruzo unaoangukia ngoma na sauti ya mwimbaji bila kubagua. Ushahidi ni nyimbo hizohizo zilivyotolewa katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, ambako hazikubanwa kwa kiasi hicho: ukali ulibaki, na mapigo ya ngoma yakasikika. Aidha, Ted Jensen, aliyeandaa nakala kuu ya albamu, alieleza kuwa michanganyo ilimfikia ikiwa tayari imebanwa. Kosa lililofanywa katika hatua ya awali halikuweza kufutwa katika hatua ya mwisho.

Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa mwongozo wa kupima sauti kwa wastani wake badala ya kilele pekee. Huduma nyingi za kusikiliza muziki kwa intaneti nazo hushusha rekodi zilizopazwa kupita kiasi. Hivyo faida iliyotafutwa imetoweka, na jeraha limebaki. Msikilizaji anaweza kupunguza sauti ya redio yake; hawezi kuurudishia wimbo mnong’ono ulionyimwa. Nguvu katika muziki ni uhusiano, na penye kelele tupu hakuna wa kushtuka.