Ethi Haikuwa na Kosa

Tuliokuwepo kwenye mashine ya kusaga tuliona wote. RCD iliporuka tena, fundi alifungua paneli, akalegeza skrubu kwenye baa ya ethi, akachomoa waya wa kijani na njano unaokwenda kwenye mota na kuukunja pembeni. Akawasha. Mota ikazunguka, watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kosa baya kuliko hilo kwenye paneli ya mota silijui.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: ethi ikifungwa RCD inaruka, ikitolewa inatulia, basi ubaya uko kwenye ethi. Hapana! RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Iliruka kwa sababu umeme ulikuwa unavuja hadi kwenye bodi ya mota, na ethi ikiupeleka ardhini kama inavyotakiwa. Ukiitoa ethi, hitilafu haijaondoka. Umeme umekosa njia tu, unabaki kwenye bodi mpaka aje mtu kuishika.

Na RCD ile ni ya mA 300. Mama anayemimina mahindi, mikono ina jasho, yuko pekupeku kwenye saruji yenye unyevu, mwili wake tuuhesabu omu 1,000. Volti 230 gawanya kwa 1,000 unapata mA 230. Huenda RCD isiruke. Charles Dalziel wa Berkeley, aliyebuni kifaa cha kukata umeme unaovuja mwaka 1961, alikuwa ameshapima watu akakuta kwamba mwanamume, kwa wastani, hushindwa kuachia waya kwenye mA 16 hivi. Kwa mwanamke ni pungufu ya hapo.

Nyaya za kontakta fundi yule alizipanga vizuri, na ovaloodi aliiseti kwa ampea za kwenye kibao cha mota. Lakini nimechoka kuandika kwamba ovaloodi inalinda mota, hailindi mtu. Nimechoka pia na tesita ya kalamu. Ile taa ikiwaka haikuambii umeme unavuja kiasi gani wala unatokea wapi.

Mzee aliyenifundisha kazi hakugusa skrubu ya ethi kabla ya kutoa mega kwenye mkoba. Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, akahakikisha hakuna umeme, akafungua nyaya za mota chini ya ovaloodi, kisha akapima kwa volti 500 kati ya kila waya na bodi. Ikisoma chini ya megaomu 1, mota haiwashwi. Hapo alitenganisha kebo na mota, akapima kila kimoja peke yake.

Kilipofunguliwa baadaye kifuniko cha boksi la maungio la mota ile ya mashine ya kusaga, tulikuta unga umelowa na kuganda kati ya tamino, na mstari mweusi wa kuungua ukitoka tamino moja hadi kwenye chuma cha boksi. Kazi ilikuwa hiyo: kubadilisha kile kipande cha tamino, kukausha, kuweka gasketi mpya, kupima tena kwa mega, kurudisha ethi kwenye baa, na ndipo kuwasha.