Jina la Rumanyika na Sauti Yake

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika Orugundu na Ibanda, mkoani Kagera, yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa: Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Kwa mpenzi wa ushairi, hilo ni tukio la majina kabla halijawa la wanyama. Rumanyika alikuwa Omukama wa Karagwe, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Dola iliyowavua machifu madaraka mwaka 1963 imelirudisha jina la mfalme, safari hii juu ya lango la hifadhi yake.

Ni heshima iliyochelewa, nayo inastahili kupongezwa. Lakini jina hubeba habari, na habari za Rumanyika zilizoenea duniani ni za Speke, katika kitabu chake cha 1863. Humo mgeni anausifu ukarimu wa mfalme, kisha anatwaa utepe na kumpima unene shemeji wa mwenyeji wake. Utalii ukiegemea macho hayo, Mnyambo atabaki kitu cha kutazamwa, na Mtanzania atokaye Tanga au Unguja ataizuru nchi yake kwa macho ya kuazima.

Kagera haikukosa wasimulizi wake. Enanga (msomaji wa pwani asiidhanie nanga ya chombo) ni ubao uliochongwa mfano wa hori na kuwambwa nyuzi. Mpigaji huimba nao tendi za wafalme na mashujaa. Ruth Finnegan alipotilia shaka, mwaka 1970, kuwapo kwa utendi katika Afrika, jawabu lilikuwa tayari likiimbwa magharibi mwa Ziwa Viktoria. M. M. Mulokozi alilithibitisha kwa utafiti wake wa enanga za Wahaya, majirani wa Wanyambo.

Hapa ndipo penye uzito wa suala la utambulisho wa taifa. Mgeni anayetaka simba atakwenda Serengeti, wala Karagwe haina haja ya kushindana nayo. Ilicho nacho ni ufalme: Bweranyange ulipokuwa mji wa kifalme, chemchemi za moto za Mtagata upande wa Kyerwa, na lugha iliyoyataja hayo yote kabla ya ramani. Taifa lililounganishwa na Kiswahili limezoea kuzionea haya lugha ndogo, likizipa ngoma za sherehe na kuzinyima neno. Zanzibar nayo, ambayo Mji Mkongwe wake uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, inaelewa vyema jinsi taarabu inavyopungua inapogeuzwa pambo la chakula cha jioni hotelini.

Basi bajeti za hifadhi hizi zinapopangwa, ujira wa mpiga enanga uandikwe pamoja na wa dereva na wa mwongoza wageni. Naye aimbe kwa Kinyambo, beti zote, mkalimani wa Kiswahili akimfuata nyuma.