Aliyeutunza Mkindu

Tukikuta mkeka mzuri tunamsifu aliyeushona, na anastahili. Aliyeutunza mkindu hatajwi. Tunaongea kana kwamba ukindu huja wenyewe hadi mlangoni, umekwisha kukauka na kuchanwa, unangoja vidole tu.

Kisiwani Pemba mikindu huota mabondeni, kwenye chepechepe, jirani na mpunga. Huota kwa mafungu, shina kuu limezungukwa na machipukizi yake, na mwenye haraka hutoka humo na damu mikononi, maana miiba imejipanga kwenye mashina ya makuti. Nilimtazama bibi mmoja akiingia kichakani kwa ubavu, taratibu, kisu kikiwa kimelala kiganjani. Alichotaka ni kuti changa, lile la katikati ambalo bado limejifumba, kwani ndilo lenye chane laini na nyeupe. Akakata moja, akaliacha shina lile, akahamia lingine. Nikamwonyesha kuti la pili, zuri, pale pale alipotoka.

"Hilo waachie wenyewe, mwanangu," akaniambia. "Wenyewe ni mkindu."

Kila shina lina kilele kimoja tu. Ukilivua makuti machanga kila yanapochomoza linadhoofika, na ukikijeruhi kilele chenyewe shina hilo limekwisha. Bibi alilijua hilo mikononi mwake, kama alivyojua upana wa chane bila kupima. Jioni, akizungumza na majirani, ukili ulikuwa ukimtoka vidoleni na kushuka mapajani, pindo zake zimenyooka, naye hajautupia jicho hata mara moja.

Ukindu na miyaa, makuti mengine ya kusukia, vilikuwa kila mahali katika maisha yetu. Tui lilichujwa kwa kifumbu, chakula kikafunikwa kwa kawa, sala ikaswaliwa juu ya msala, wafiwa wakakaa juu ya jamvi. Karafuu zenyewe, zilizoipa Pemba jina duniani, zilianikwa juu ya majamvi, yanayopitisha hewa chini ya karafuu. Siku hizi wengi hutandika turubai la plastiki, ambalo hutoa jasho kwa chini, kisha hulalamika kwamba karafuu zimeharibika. Sebuleni nako umeingia mkeka wa plastiki wenye maua makubwa. Ukipasuka hauozi, unaburutwa na upepo hadi mtaroni.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata 2017, na Tanzania Bara 2019. Niliamini kikapu cha ukindu kingerudi sokoni kwa heshima zake zote. Badala yake tukakimbilia mifuko mbadala ya kiwandani, na kikapu tukawaachia watalii, wanaokinunua kwa bei ambayo msukaji haioni.

Na huko bondeni mambo yamebadilika. Vijana niliowakuta wakikata hulipwa kwa mzigo, kwa hiyo hawaachi kuti changa hata moja. Hata hivyo, mkindu hupandwa: chipukizi lake hung'olewa pamoja na mizizi, likapandwa penye unyevu na kumwagiliwa hadi lishike. Kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji mtu aliye radhi kungoja miaka. Tumefungua mafunzo ya kusuka, ya kutia rangi na ya kutafuta masoko. Ya kupanda mkindu sijayaona.