Mwandiko wa Brashi katika Vibao vya Handeni na Korogwe

Vibao vya maduka, hoteli na vinyozi katika miji ya Handeni na Korogwe ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yastahiliyo uhakiki. Hata hivyo, watu wavisomao kila siku ni wengi kuliko wasomaji wa diwani nyingi, na mtindo wao una sheria zake. Mtindo uchunguzwao hapa ni ule wa herufi za mlazo zilizoshikana. Asili yake ni mkono wa fundi mwenye brashi na kopo la rangi ya mafuta. Siku hizi hutolewa pia na kompyuta, kwa fonti ziigazo brashi.

Fonti mashuhuri ya jamii hii ni Brush Script, iliyobuniwa na Robert E. Smith mwaka 1942 kwa ajili ya American Type Founders ya Marekani, na baadaye ikaenezwa pamoja na programu za kompyuta za Microsoft. Mistral ya Roger Excoffon wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 1953, ni ndugu yake. Zote mbili zilikusudiwa matangazo, yaani maneno machache, makubwa, yenye kuvuta macho. Si haki basi kuzilaumu kwa kutofaa katika ukurasa wa kitabu. Swali la haki ni kama zayafaa maneno ya Kiswahili kibaoni.

Majina ya miji hii miwili yatosha kuwa mizani. Katika jina la Handeni, kila herufi ndogo humaliza mkokoto wake chini, juu ya mstari, na ifuatayo huupokea papo hapo. Jina latiririka lenyewe. Korogwe si hivyo. Herufi o huishia juu, na w vilevile. Lakini e ifuatayo w hupenda kuanzwa chini. Hapo ndipo penye ugumu. Fundi hodari huliona jambo hili kabla ya kuchovya brashi. Hupiga mistari yake ya chaki, akapima nafasi, akaiandika o ya pili tofauti na ya kwanza kwa kuwa jirani yake ni g yenye mkia, au akainua brashi na kuacha mwanya mdogo. Fonti ya kawaida haina uamuzi huo: o zote mbili hutoka pacha, hata jirani awe nani.

Waandishi wa kale wa Kiswahili waliujua mwanya huo. Katika hati za Kiarabu, kama zile za barua alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, herufi kama re na wau hazishikani na zifuatazo, na mwandishi mzuri hulifanya pengo kuwa sehemu ya neno. Kushikana kwa herufi si lazima kuwe kwa kila mahali. Lililo lazima ni neno lionekane moja.

Kiswahili chazidisha uzito wa jambo hili, kwa sababu irabu zake hurudi mara kwa mara, na hasa a. Chukua maneno ya kawaida ya kibaoni, «karanga za kukaanga». Mna a saba. Mkono huzifanya saba; fonti hupiga muhuri mmoja mara saba, na macho huchoka upesi kuona rangi iliyojifanya kukauka namna ile ile kila mara. Ni kweli kwamba fonti kadhaa mpya zina maumbo mbalimbali ya herufi moja. Hata hivyo maumbo hayo hayana faida ila yakichaguliwa na mtu aijuaye lugha.

Makosa mawili ya wapangaji yastahili kutajwa, wala si ya fonti yenyewe. La kwanza ni kuandika neno zima kwa herufi kubwa za mlazo. Herufi hizo zimeumbwa kutangulia neno, si kufuatana. Zikipangwa peke yake, hata jina jepesi la Handeni huwa kama watu wanaosukumana mlangoni. La pili ni baya zaidi, nalo ni kuiangusha ritifaa. Kung'oa ni kazi ya mganga wa meno. Ngoa ni wivu au tamaa. Alama ndogo ibebayo tofauti hiyo humezwa kwa urahisi na mikia ya herufi, na kibao kikaandika neno lingine kabisa.

Hukumu yaweza kutolewa bila chuki. Kwa jina la duka, neno moja au mawili, mwandiko wa brashi una uchangamfu usiopatikana katika herufi za kuchapa, na fonti yaweza kuuazima. Kwa bei, masharti, maelekezo na maonyo haufai, hasa Korogwe, ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha hupita, na msomaji huenda yumo ndani ya basi liendalo. Hapo herufi zilizosimama wima ndizo zenye adabu.

Lakini kibao kilichoandikwa kwa mkono kina thamani isiyo ya fundi peke yake. Huhifadhi tahajia, msamiati wa biashara na namna watu wa mahali wakatavyo maneno, na rangi yake hupauka au hupakwa nyingine juu yake. Wachunguzi wa lugha wakusanyao hati za kale wangefanya vema kuvipiga picha vibao hivi, na kuandika mji na mwaka, kabla havijaondolewa ukutani.