Kosa la Herufi na Kosa la Deni: Uhakiki wa Kiswahili cha Biashara katika Nchi Jirani

Kiswahili kimepata hadhi ya kisheria katika nchi jirani upesi kuliko kilivyopata waandishi wa mikataba na ankara. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili; Rwanda ilikiingiza katika lugha zake rasmi mwaka 2017; na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo Katiba yake ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wanaovuka mipaka hiyo huandikiana kwa Kiswahili, na lalamiko linalosikika mara nyingi ni kwamba maandishi yao yamejaa makosa. Lalamiko hilo lina msingi, ila mara nyingi huelekezwa pasipostahili.

Wahakiki wengi huanza na tahajia kwa kuwa kosa lake huonekana upesi. Mfano wake ni kibango chenye neno "biashala" au "asirimia". Makosa hayo hayatokani na uzembe mtupu. Katika Kiganda, r huandikwa baada ya irabu e na i, na l huandikwa baada ya irabu nyingine. Mwandishi aliyelelewa katika lugha hiyo hupeleka kanuni yake kwenye Kiswahili. Vivyo hivyo, "batu" badala ya "watu" katika tangazo la Bukavu ni alama ya Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, chenye wazungumzaji na kanuni zake. Maandishi ya namna hii yanaweza kumpunguzia mwenye biashara heshima mbele ya mteja wa Dar es Salaam, na hasara hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, hakuna anayenyang'anywa shamba kwa sababu ya "biashala".

Kosa linalostahili hofu ni lile linalobadilisha mdaiwa kuwa mdai. Kiswahili hubeba uhusiano wa kibiashara ndani ya viambishi vya kitenzi: anayekopa si anayekopesha, anayekodi si anayekodisha, na anayelipa si anayelipwa. Sharti likisema "mteja aliyekopesha" mahali pa "mteja aliyekopeshwa", herufi moja tu, w, imedondoka, na aliyepokea fedha amegeuka kuwa mtoaji wake. Mkataba ukisema mpangaji "atakodisha" nyumba kwa miaka miwili, msomaji makini ana haki ya kuelewa kwamba mpangaji huyo ameruhusiwa kuipangisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kipimo cha uzito wa kosa hakipaswi kuwa wingi wa herufi zilizokosewa. Kipimo ni swali hili: je, msomaji anaweza kuirudia maana iliyokusudiwa bila kumuuliza mwandishi?

Kipimo hicho kinafichua pia hatari iliyomo ndani ya maandishi yasiyo na kosa lolote la tahajia. Ilani isemayo "malipo yafike kabla ya saa 10" ni sanifu kabisa. Lakini mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili ataelewa alasiri, na mwenye kutafsiri moja kwa moja kutoka Kifaransa au Kiingereza ataelewa asubuhi. Ankara yenye "1,500" husomwa Kampala kuwa elfu moja na mia tano. Kwa desturi ya uandishi wa Kifaransa iliyozoeleka Bujumbura, mkato hutenga desimali, na kiasi hicho ni moja na nusu. Programu ya kusahihisha tahajia itayapitisha maandishi yote mawili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sera za lugha katika ukanda huu zimeshughulikia zaidi hadhi ya Kiswahili kuliko daftari lenyewe. Kozi za Kiswahili cha biashara zinazotumia muda wao mwingi kusahihisha l na r zinamfundisha mwanafunzi kuonekana msomi, lakini hazimlindi akopapo. Kazi iliyo mbele ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na ya wizara husika ni nyembamba na inatekelezeka: kuandaa vielelezo vya mikataba ya mkopo, upangaji na mauzo ambamo pande mbili zinatajwa kwa nomino dhahiri, kama mkopeshaji na mkopaji, badala ya kutegemea kiambishi pekee, kuagiza saa itajwe pamoja na asubuhi, alasiri au usiku, na kutaka kila kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Tahajia isahihishwe pia, lakini baada ya hayo.