Kukisoma Tena "Mashimo ya Mfalme Sulemani"

Kitabu hiki alichokitunga Rider Haggard mwaka 1885, na F. Johnson akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929, tulikisoma ujanani kwa ajili ya safari na almasi tu. Tumekirudia sasa, na kifo cha Foulata kimetuzuia. Binti huyu wa Kikukuana alimwuguza Bwana Good, mmoja wa Wazungu watatu, hata akapona, akampenda. Pangoni alimshika Gagool asiwafungie mlango wa jiwe, akachomwa kisu. Naye mtungaji amtia kinywani shukrani ya kufa, eti kwa kuwa mweusi na mweupe hawaoani. Na Quatermain, msimulizi, aona mauti hayo yameondoa taabu. Taabu ya nani? Hapo twasema wazi kwamba mtungaji amekosa: amwua mwanamke mwema ili Good asiulizwe habari ya ndoa.

Walakini mtungaji huyo huyo amempa mfalme Ignosi usemi wa mtu huru. Katika kuagana awakataza weupe wengine wasiingie nchini mwake, wafanya biashara wenye bunduki na pombe, hata wahubiri. (Neno hilo la mwisho latuchoma sisi tuliolelewa na misheni, wala hatuwezi kulifuta.) Wako watakao kitabu kiondolewe shuleni. Sisi twapenda wanafunzi wazisome sura hizo mbili siku moja, wakianza na ile ya pangoni.