Paleti ya Vigae Inavyofungwa kwa Mikanda

Kigae cha kauri huvunjika kwa urahisi zaidi kwa kupindwa kuliko kwa kubanwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 kinataka kigae cha porselini, yaani kile kinachofyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kistahimili mkazo wa kupindwa usiopungua niutoni 35 kwa kila milimita ya mraba. Kikibanwa sawasawa uso kwa uso, kigae hichohicho hubeba nguvu kubwa mara nyingi zaidi. Ufungashaji wote wa vigae unategemea tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo vigae husimamishwa kwa ubavu ndani ya katoni, nyuso zikigusana. Na kwa sababu hiyohiyo mkanda unaofunga paleti huweza kuokoa mzigo au kuuvunja, kutegemea nguvu yake inaelekea wapi.

Uzito wenyewe si wa mchezo. Kigae chenye unene wa milimita 10 kina takriban kilo 23 kwa mita ya mraba. Katoni ya vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufika kilo 33, na paleti ya katoni 40 hupita kilo 1,300. Mzigo huo ukitoka viwandani Mkuranga au Chalinze kwenda Kigali au Lubumbashi, hukutana na matuta, mashimo na breki za ghafla njia nzima. Mwongozo wa upakiaji wa makontena uliotolewa mwaka 2014 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya bahari, kazi na uchumi wa Ulaya (IMO, ILO na UNECE) unaelekeza kwamba barabarani mzigo uhesabiwe kuwa unasukumwa mbele kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake, na kwa upande kwa 0.5. Baharini, mawimbi yakiwa makubwa sana, nguvu ya upande nayo hufika 0.8. Kwa paleti moja hiyo ni zaidi ya tani moja inayosukuma. Mkanda wa paleti haukusudiwi kuizuia nguvu hiyo peke yake. Kazi yake ni kuzifanya katoni 40 ziwe kitu kimoja. Kukizuia kitu hicho kisitembee ni kazi ya kuta za kontena, magogo ya kukingia na mikanda mikubwa ya lori. Kuzichanganya kazi hizo mbili ni kosa la kawaida kwenye maghala.

Mikanda inayotumika ni ya aina tatu. Ya polipropilini ni laini na rahisi, nayo inatosha kwa katoni nyepesi, lakini ikikaa imevutwa hupoteza sehemu kubwa ya mkazo wake, hasa ndani ya kontena lililoanikwa juani. Ya chuma ina nguvu nyingi na haivutiki. Wengi huhesabu kutovutika huko kuwa sifa, lakini kwa vigae ni udhaifu. Mkanda wa chuma uliokazwa kwa niutoni 400 kwa kila milimita ya mraba hurefuka kwa asilimia 0.2 tu, yaani milimita 8 kwenye mzunguko wa mita nne. Mbao mbichi za paleti zikikauka na katoni zikishindiliwa na mtikisiko, mzigo hupungua milimita hizo nane bila shida, na mkanda hubaki unaning'inia. Tena chuma hushika kutu kwenye hewa ya chumvi, na kutu hiyo huchafua katoni. Mkanda wa poliesta uliovutwa kwa asilimia 2 huwa na milimita 80 za kurudi kwenye mzunguko uleule, hivyo huufuata mzigo unaposinyaa. Kwa paleti nzito za vitu vinavyovunjika, poliesta ya milimita 16 au 19 ndiyo chaguo la busara.

Vifaa vya kufungia hufanya mambo matatu: kuvuta, kuunga na kukata. Kikazio cha mkono kina mguu unaobana ncha ya chini ya mkanda, na gurudumu lenye meno linalovuta ncha ya juu kila mpini unaposukumwa. Mguu huo hukaa chini ya mkanda, kwa hiyo hutaka mahali bapa; juu ya kitu cha mviringo hutengeneza ulegevu pale unapochomolewa. Mkazo ukitosha, klipu ya chuma huvishwa kwenye ncha zilizopandana na kubanwa kwa koleo maalumu. Klipu za mikanda ya plastiki huwa na meno au mchanga upande wa ndani, maana poliesta ni telezi. Bizimu za waya zinafaa zaidi polipropilini na mizigo midogo. Vyovyote itakavyokuwa, maungio ni dhaifu kuliko mkanda wenyewe, na koleo lililochakaa huyadhoofisha zaidi bila mtu kutambua: klipu huonekana imebanwa, kumbe imeshikilia nusu tu.

Mashine ndogo ya betri huondoa klipu kabisa. Huvuta mkanda, kisha husugua ncha mbili kwa kasi mpaka plastiki iyeyuke na kushikana. Maungio yakipewa sekunde chache za kupoa kabla ya kuachiliwa huwa imara. Yakiharakishwa, huchomoka njiani. Faida yake kubwa kwa vigae ni kwamba mkazo hupangwa kwa namba. Mashine nyingi za aina hii hufika niutoni 2,500, karibu uzito wa kilo 250, na paleti ya mwisho ya zamu hupata mkazo uleule wa paleti ya kwanza. Mkono wa mtu aliyechoka hauwezi kuahidi hivyo.

Hata hivyo mkazo unaosomwa kwenye mashine si ule unaofika upande wa pili wa mzigo. Kila mkanda unapopinda kwenye kona, msuguano hula sehemu ya nguvu. Kwa kigezo cha msuguano cha 0.3, kona moja ya nyuzi 90 hubakisha takriban asilimia 62 ya mkazo, na kona mbili asilimia 39. Fundi anayejaribu kufidia kwa kukaza zaidi huiponda kona iliyo karibu naye, ilhali kona ya mbali bado imelegea. Dawa ni pembe za kadibodi ngumu au plastiki. Hizo husambaza mgandamizo kwenye katoni kadhaa badala ya ukingo wa moja, na zikiwa laini huuruhusu mkanda kuteleza ili mkazo usawazike.

Mwelekeo ndio unaoamua mengine yote. Mkanda wa mlalo unaozunguka kiuno cha mzigo, ukivuta katika mstari unaokata nyuso za vigae kwa pembe mraba, huvibana uso kwa uso, nao unaweza kukazwa vizuri. Mkanda wa wima hukandamiza kingo za vigae vya juu, mahali ambapo kauri humeguka kwa urahisi. Huo unahitaji ubao au fremu ya mbao juu yake, na ukazwe kwa kiasi. Kwa kawaida hutangulia ya mlalo, ikafuata ya wima inayopita chini ya mbao za juu za paleti, miwili kwa kila upande. Nailoni ya kuzungushia huja mwisho; huzuia vumbi na unyevu, haibebi mzigo.

Ndani ya kontena la futi 20 tatizo hubadilika. Tani 28 za vigae ni kama mita 12 za ujazo za kauri, na kontena lina takriban 33. Uzito unaoruhusiwa huisha kabla ya nafasi, kwa hiyo paleti zilizofungwa vizuri kabisa huweza kukimbilia ukuta na kugongana. Mapengo huzibwa kwa magogo au mifuko ya hewa, na mbao ghafi za safari ya kimataifa sharti ziwe zimetibiwa kama kanuni ya ISPM 15 ya kuzuia wadudu wa mbao inavyoagiza, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30 mfululizo.

Mzigo ukifika, mikanda hukatwa kwa mkasi wake, mkataji akiwa amevaa glavu na miwani na kusimama kando, kwa kuwa ncha iliyokatwa hufyatuka kama fimbo. Vipande vilivyovunjika havitupwi kabla ya kutazamwa. Kingo zilizomeguka katika katoni za juu, chini ya mstari wa mkanda, zinaonyesha mkanda wa wima uliokazwa bila ubao. Nyufa za katikati kwenye safu nzima zinaonyesha katoni zilizolegea, vigae vikapigana. Safu ya chini ikivunjika peke yake, lawama ni ya forklifti iliyobwaga paleti au ya ubao wa paleti uliopinda, na hapo hakuna mkanda ambao ungesaidia.